Nani Apishe Njiani?

Katika njia ya Kasongo kwenda Kabambare motokari ni chache, hasa wakati wa mvua. Wengi huenda kwa miguu au kwa kinga. Kinga yenye bidoni za mawese au magunia ya mchele haipandwi, mwenyewe huisukuma.

Katika Uingereza pia ziko njia zisizo na motokari, kandokando ya mifereji. Zilifanywa zamani kwa farasi waliovuta mashua. Leo watu hupita hapo kwa baiskeli, kupumzika na kutazama mashamba. Na kanuni yao ni hii: mwenda kwa miguu hutangulia, mwenye baiskeli hupunguza mwendo.

Basi, wengine hudhani kwamba pasipo na motokari pana amani. Sivyo. Motokari ikipita, mwenye kinga hunung'unika kwa kurushiwa matope. Isipopita, yeye ndiye mkubwa: hupiga kengele, na mama mwenye kikapu cha mihogo kichwani hukimbilia majanini. Dhuluma ni ile ile.

Nani basi apishe? Mwepesi ampishe mwenye mzigo, maana kusimama kwa mwenye mzigo ni kazi kubwa. Apandaye kinga tupu ashuke mbele ya mama yule. Naye ateremkaye mlima na magunia hawezi kusimama upesi. Apishwe hata na mwenda kwa miguu asiyechukua kitu.

Twaomba barabara nzuri, nayo ni haki. Lakini tusingoje barabara ndipo tuwe na adabu. Kesho ukikutana na mwenye mzigo, ushuke wewe kwanza.