Deni kwa Mtoto Tusiyemjua

Karibu kila kitu kikubwa kilichojengwa Changamwe, hapa Mombasa, kilijengwa kwa ajili ya mahali pengine. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa ikielekea Uganda. Kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichofunguliwa mwaka 1963, kilisafisha mafuta ya nchi nzima na ya majirani. Uwanja wa ndege wa Moi huwashusha watalii wa Diani na Malindi, na makasha yanayoteremshwa bandarini Kipevu huenda Nairobi, Kampala na Kigali. Hata barabara zetu ni za malori kwanza, za watu baadaye. Katikati ya vitu hivi vya kupitisha kuna vichache ambavyo maana yake yote ni wale wanaobaki, na kikubwa kati yake ni shule za msingi za serikali: Bomu, Kipevu, Chaani, Magongo, Changamwe yenyewe. Basi ni haki kujiuliza: mahali palipopangwa kwa ajili ya mizigo panawapangia nini watoto?

Jibu la ofisini lipo, na si jibu baya: madarasa, walimu, madawati, vyoo. Lakini hivyo ni vitu wanavyopewa watoto. Swali langu ni la nyuma ya hapo. Kwa nini mtu akatwe kodi ili asomeshwe mtoto asiyemjua hata jina la baba yake?

Swali hili lina uzito wa pekee Changamwe. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Thelatha Taifa (Mataifa Matatu), sehemu ya Miji Kumi na Miwili ya Waswahili wa Mombasa. Walikuwako kabla ya reli na kabla ya gati. Kisha bandari ikaita watu. Wakaja Wamijikenda, Wataita, Wakamba, Wajaluo, Waluhya, kila mmoja na habari ya kazi aliyoisikia kwa binamu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 131,882 katika kaunti ndogo ya Changamwe, na ukizunguka vichochoro vya Magongo au Chaani utaona kwamba wengi ni wapangaji, watu wa chumba kimoja na risiti ya kodi, wasio na hakika ya kuwapo hapo mwaka ujao. Jirani wa leo hakuwa jirani mwaka jana.

Nikisema umma, simaanishi serikali. Serikali ni wakili wa umma, na wakili huweza kuzembea. Umma, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kundi ambalo ndani yake mtu ana haki kwa mwenzake ingawa hawajuani. Jamaa hawako hivyo: haki ya mpwa kwa mjomba inatokana na kujulikana kwake. Chuo cha msikiti kinamlea mtoto wa Kiislamu jioni baada ya shule, kanisa linalea shule zake, na ni malezi ya heshima ambayo bila hayo mitaa hii ingekuwa mikavu. Ila kila duara la namna hiyo lina watu wake. Shule ya umma ndiyo pekee ambayo mlango wake unatakiwa kuuliza umri tu. Natamka neno “unatakiwa” kwa makusudi, maana mlango huo siku hizi unauliza pia sare, tena unauliza cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa pesa za serikali zilifungamanishwa na majina yaliyosajiliwa kwenye kompyuta ya wizara. Mtoto asiye na cheti anaweza kuwa amekaa darasani, anasikia, anajibu, na kwenye hesabu hayupo.

Hesabu ndiyo inayotuingiza kwenye jambo gumu zaidi, yaani ukuaji. Januari 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki iliondoa karo ya shule za msingi. Nchini kote wanafunzi walipanda kutoka kiasi cha milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2 mwaka uliofuata, na kila mtoto akatengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Tuliuita mwaka ule mwaka wa kukua kwa elimu. Lakini wengi wa watoto milioni moja na laki tatu walioongezeka hawakuzaliwa Januari. Walikuwako Desemba, wakichota maji na kuwabeba wadogo zao mgongoni. Kilichobadilika ni kwamba jamii iliandika kwenye daftari deni ambalo tayari ilikuwa nalo.

Je, shule zilikua? Kitu huongezeka kinapozidi idadi. Hukua kinapoweza kubeba zaidi bila kuacha kazi yake. Darasa la watoto arobaini likiingizwa themanini limeongezeka, na huenda papo hapo limedumaa. Najua mwalimu mkuu yeyote wa huku atanijibu: ungependa yule wa arobaini na moja abaki nje? Hapana, nisingependa. Kati ya darasa lililosongamana na barabara ya malori, msongamano ni rehema. Lakini jibu hilo linatosheleza nusu tu ya jambo, kwa sababu deni la umma kwa mtoto lina sehemu mbili: apokewe, kisha aangaliwe. Kupokea kunawezekana kwa tangazo la siku moja. Kuangalia kunataka mwalimu anayejua kwamba huyu wa dawati la nyuma haoni ubao vizuri, na mwalimu mmoja hana macho ya kuwatosha themanini.

Ndipo likatokea jambo ambalo bado tunalieleza kirahisi mno. Wazazi wengi, na si matajiri, waliwaondoa watoto kwenye shule za bure wakawapeleka kwenye akademi za uchochoroni, baadhi yake mabati matupu bila hata uwanja. Husemwa kwamba ni majivuno, au tamaa ya Kiingereza. Sikatai kwamba majivuno yapo. Lakini msikilize mzazi mwenyewe, kibarua wa bandarini asiye na hakika ya zamu ya kesho, akieleza kwa nini analipa kilichokuwa bure: “Pale nikiuliza, najibiwa.” Amenunua haki ya kuuliza. Na haki hiyo alikwishailipia kwenye kila kilo ya sukari na kila kadi ya simu iliyokatwa ushuru. Tatizo ni kwamba tulipokea elimu ya bure kama sadaka, na mpokea sadaka huona aibu kuikagua. Sadaka hutegemea moyo wa mtoaji, deni hudaiwa. Tukachanganya viwili hivi, na aliyeumia ni mtoto wa yule asiyeweza kununua haki ya kuuliza mara ya pili.

Kwa hiyo mpangilio wa shule, ambao kwa kawaida huonekana kuwa habari kavu ya ofisi na mihuri, kwangu una maana moja ya msingi: ni makubaliano kuhusu nani aulizwe. Tuupime hivyo. Zamani shule za msingi za mji huu zilikuwa chini ya Manispaa ya Mombasa, na walimu wamekuwa wa Tume ya Kuwaajiri Walimu tangu tume hiyo ilipoundwa mwaka 1967. Katiba ya 2010 ikaigawa kazi upya: chekechea kwa kaunti, shule za msingi na za upili kwa serikali kuu. Sasa mfikirie mama anayewashika mikono watoto wawili kwenye lango moja. Wa miaka mitano ni wa gavana, wa miaka minane ni wa waziri, mwalimu ni wa tume, na darasa jipya limejengwa kwa mfuko wa eneo bunge na kupakwa rangi ukutani kutangaza hivyo. Mama haoni migawo hiyo mpaka siku bomba la maji litakapopasuka. Hapo ndipo atagundua kwamba kila anayemuuliza anamwelekeza kwa mwingine, na kila mmoja ana sheria inayomuunga mkono.

Mipaka ya ramani nayo ina vituko vyake. Hadi uchaguzi wa 2013, Mikindani na Miritini zilikuwa ndani ya eneo bunge la Changamwe. Kisha zikaingia Jomvu, eneo bunge jipya. Watoto hawakuambiwa. Wanavuka mstari ule kila asubuhi kwenda walikozoea, na mwalimu anayewafungulia daftari la mahudhurio haulizi kura ya nyumbani kwao inapigwa wapi. Kwa upande huu mwalimu ameuelewa umma kuliko ramani. Na mwaka 2023, sekondari ya chini ilipoanza kuwekwa ndani ya shule za msingi, madarasa yake matatu yalipangiwa humo bila ua kusogea hata hatua. Wazazi wengi walipumua, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi na miwili angebaki karibu na nyumbani. Walimu wa ngazi hizo mbili nao wakaanza kuvutana juu ya nani mkubwa wa nani.

Tusisahau pia wakati. Kiwanda cha mafuta kiliacha kusafisha mwaka 2013. Mwaka 2019, amri ya kupeleka makasha Nairobi kwa reli mpya iliwatoa watu barabarani kuandamana, na ingawa mwaka 2022 amri iligeuzwa, zipo familia zilizokuwa zimekwisha fungasha. Kazi ikihama, mpangaji huhama nayo, na shule hubaki ikingoja watoto wa atakayekuja. Na hata shule yenyewe tumeifundisha tabia ya bandari: mtoto anayetupa fahari ni yule aliyefaulu akaenda bweni la mbali. Aliyebaki hatumpigii makofi.

Basi rudi kwa yule mpangaji siku ya mkutano wa wazazi. Anajua huenda Agosti hatakuwapo. Mbele yake kuna pendekezo la kuchangia darasa ambalo mwanawe hatalikalia. Kwa hesabu ya faida, angetikisa kichwa. Mara nyingi, hata hivyo, watu wa namna yake hunyoosha mkono, hulalamika kidogo juu ya kiasi, kisha hutoa. Sijui jina bora la kitendo hicho kuliko umma. Hapo mtu amemlipa mtoto asiyemjua, bila kulazimishwa, wala si kwa sadaka, maana yeye naye kule alikotoka aliacha wengine wakichangia dawati ambalo mwanawe atalikuta.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamfanya kila mzazi mwenye mtoto shuleni kuwa mwanachama wa chama cha wazazi. Uanachama huanza mtoto anapoandikwa na huisha anapotoka. Mzazi wa yule atakayefika Januari ijayo kutoka Kaloleni au Kisumu hana kiti mkutanoni, na darasa linalojadiliwa ni la mwanawe.