Nafasi ya Jina la Baba



Mwaka 1950 reli kutoka Kaliua ilifika hapa Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Penye kazi ya namna hii wageni huja na kuondoka, na wengine huacha watoto wasiojua baba zao. Leo wajukuu wanatuuliza: babu yetu ni nani?

Tusiwakemee. Yeftha alifukuzwa na nduguze kwa sababu ya mama yake, lakini Waebrania 11 inamhesabu pamoja na watu wa imani. Kosa la wazazi si jina la mtoto.

Tuwasaidie. Nafasi ya baba ikiwa tupu katika kitabu cha ubatizo, tutazame majina ya wadhamini. Huenda wao au jamaa zao wanajua. Wazee wetu, semeni mngali hai. Nanyi akina baba, watambueni watoto wenu: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hupokea kipimo cha vinasaba kuwa ushahidi, na pia ukiri wa mzazi mbele ya watu.

Mungu atujalie kusema kweli kabla hatujazikwa nayo. Amina.