Maziwa Haya ya Nani?

Msomaji, nina swali lililonikaa kooni tangu nilipokuwa kidato cha nne. Mtu akikuuliza jambo dogo, nawe ukamdanganya ili anywe chai yake kwa amani, je, umemtendea wema au umemwibia?

Nyumbani kwetu Kilosa mjini, chai ya maziwa ilikuwa kazi yangu. Nilitwanga tangawizi na iliki kwenye kinu kidogo, nikazitia kwenye maji pamoja na kijiti cha mdalasini, nikaacha vichemke mpaka nyumba nzima inukie. Ndipo majani, na mwisho maziwa. Mama hakukubali mpango mwingine. Ukiwahisha tangawizi mbichi kwenye maziwa yanakatika, na lita ni fedha, bwana!

Maziwa aliyaleta mama mmoja wa Kimaasai, asubuhi na mapema, kwenye kidumu. Mama alidondosha tone kwenye ukucha kuona kama yametiwa maji. Hata siku moja hatukumkamata.

Sasa, mjomba wangu analima mahindi Rudewa. Tarehe 8 Desemba 2000 wafugaji walikivamia kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 wakauawa. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mjomba alizika rafiki zake. Halafu nilipokuwa kidato cha tatu, ng'ombe waliingia shambani kwake usiku mmoja wakamaliza mahindi yaliyokuwa yanabeba. Akaapa hatakunywa tena maziwa ya mfugaji. Siandiki haya kuwahukumu wafugaji. Nao mwaka 2009 waliondolewa kwa nguvu katika wilaya hii hii, na wana hesabu yao ya waliyoyapoteza.

Siku moja ya mvua mjomba akaja. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Nikamwekea kikombe. Akanusa, akauliza: "Maziwa haya ya nani?"

"Ya jirani, mjomba. Ana ng'ombe mmoja wa kisasa."

Akanywa vikombe viwili, akausifu mdalasini. Usiku mama akaniambia nimefanya vizuri, eti uongo wa kupatanisha si uongo.

Hapo napingana na mama, kwa heshima zote. Kupatana kunataka watu wawili. Siku ile mjomba hakumsamehe mtu, na yule mama wa Kimaasai hakujua kama kuna aliyemkasirikia. Aliyepata raha ni mimi peke yangu. Hasira ya mjomba ilikuwa mali yake, tena aliilipia. Mimi nikaingia humo bila kupiga hodi. Lakini pia, ningesema kweli angeondoka na mvua ile ile, na pengine asirudi tena kwa dada yake. Nimelala nalo hili siku nyingi, halilaliki.

Wengine watasema, we kijana, hiyo ni chai tu. Hapa Mikumi ninamsaidia shangazi kuuza chai kando ya barabara kuu ya Iringa. Madereva wa malori ya Zambia hawaulizi maziwa ni ya nani. Wanauliza bei, na kama chapati zipo. Zamani niliona hiyo ndiyo amani yenyewe. Siku hizi naona ni haraka tu ya safari. Asiyeuliza hajadanganywa, sawa, lakini hajasamehe pia.

Mwezi uliopita nilikwenda Kilosa, nikamkuta mjomba. Nikapika chai, nikamwekea, na kabla hajanusa nikamweleza yote, pamoja na ile ya siku ya mvua. Mama akatoka nje. Mjomba alinitazama kwa muda, kisha akauliza huyo mama ana watoto wangapi.

Nikasema sijui.

"Miaka yote hiyo anakuja hapa, hujui?"

Kikombe hakukigusa. Nilipotoka kuwahi basi la Mikumi kilikuwa bado mezani, chai imeshafanya utando, naye bado amekaa pale pale.