Mawaziri Walikuja Kumtafuta

JUMANNE

Soma Danieli 4:26 na 4:33-37. Akili za Nebukadreza zilipomrudia, ni akina nani waliomtafuta? Ufalme wake ulikuwa umefanywaje muda wote huo?

Sura hii husomwa zaidi kwa ajili ya kiburi cha mfalme, na ni haki isomwe hivyo. Lakini sababu ya Nebukadreza si sababu ya kila mgonjwa. Katika Yohana 9:1-3 Yesu aliwazuia wanafunzi wasimtafutie kipofu dhambi, wala darasa lisimtafutie dhambi dada aliyelazwa kwa ugonjwa wa akili.

Jambo linalopitwa haraka katika sura hii ni habari ya kazi. Kwa nyakati saba mfalme alikula majani kama ng'ombe. Hata hivyo kisiki kiliachwa ardhini, maana yake ufalme ulitunzwa kwa ajili yake. Na alipopata nafuu hakuachwa abishe hodi katika nyumba yake mwenyewe. Mawaziri na madiwani walimtafuta, akathibitishwa tena katika kazi yake.

Huko Ngara na Biharamulo, kama ilivyo kwingi, mambo huweza kwenda kinyume. Mtu anatibiwa hospitali, anapata nafuu, anarudi Rulenge au Nyakahura na kukuta mahali pake pamekwisha kugawanywa. Cherehani iliuzwa kulipia nauli. Shamba la maharage analilima mdogo wake. Naye anaambiwa, "Wewe pumzika tu." Maneno hayo husemwa kwa upendo, nayo humkalisha kibarazani mwaka mzima. Majirani wanasema hajapona kwa kuwa hafanyi kazi, naye hapewi kazi kwa kuwa wanasema hajapona.

Waadventista wanayo habari ya nyumbani kwao wenyewe kuhusu jambo hili. Mwaka 1865 Mzee James White alipigwa na kiharusi, na pamoja na mwili, moyo wake nao ukazama. Waganga wa Dansville, New York, walimwagiza apumzike kabisa. Ellen White aliona kwamba pumziko hilo lisilo na mwisho lilikuwa likimmaliza mumewe, basi wakaenda kuishi shambani karibu na Greenville, Michigan. Wakati wa kukusanya nyasi kavu ulipofika, James alitaka kuomba msaada kwa majirani. Mama White aliwatangulia kimyakimya na kuwasihi waseme wana shughuli nyingi. Kisha yeye mwenyewe akaingia kazini pamoja na mumewe. Sehemu hiyo ya pili isisahauliwe, maana wapo watakaoikumbuka ya majirani tu na kumwachia mgonjwa jembe akiwa peke yake.

Soma 1 Wafalme 19:5-16. Eliya alipewa nini kabla ya kupewa kazi, na alipewa nani wa kumsaidia?

Mpangilio huo una hekima kwa anayetoka hospitali. Dawa nyingi za magonjwa ya akili huleta usingizi, na baadhi hutetemesha mikono. Asiyeweza kufika shambani alfajiri huenda akafika saa nne. Ambaye mikono yake haijatulia hatatunga uzi kwenye sindano leo, lakini anaweza kupokea wateja na kuandika vipimo vyao. Aliyekuwa akiendesha bodaboda asirudishwe barabarani kati ya malori ya Lusahunga na Nyakanazi mpaka mganga wake aridhike. Kwa sasa anaweza kuuza vipuri. Saa mbili kwa siku zinatosha kwa kuanzia, karibu kabisa na kazi aliyoijua zamani. Na siku ya kliniki iheshimiwe. Kufunga na kuomba hakumfuti mtu kwenye daftari la dawa, na anayemshauri ndugu aache dawa ili aonyeshe imani anamhatarisha ndugu huyo, mara nyingi pamoja na kazi aliyokwisha kuirudia.

Jambo jingine ni malipo. Ikiwa mtu mwingine angelipwa kwa kukata nyasi za uwanja wa kanisa, na huyu alipwe vilevile. Kumfanyisha kazi bure na kuiita huduma ni kumdhulumu.

Kwa walioajiriwa, wazee wa kanisa wajue yafuatayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, kwa cheti cha daktari: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Mwalimu au mhudumu wa duka anayeona aibu huweza kuandika barua ya kuacha kazi katika juma baya kuliko yote, na barua hiyo ikafunga mlango ambao sheria ilikuwa imeuacha wazi. Rafiki mmoja wa kumwambia asubiri kuandika anaweza kuokoa mshahara wa nyumba nzima.

Kwa darasa: Bila kutaja jina, fikirini kazi aliyoifanya mmoja wa washiriki wenu kabla hajaugua, iwe shambani, sokoni au hapa kanisani. Nani anaifanya sasa? Je, yuko tayari kuirudisha, hata kwa asubuhi mbili kwa juma? Na ni nani katika kikundi hiki atakayekwenda kumtafuta kabla ya Sabato ijayo?