Filimbi ya Yubali

Lipo swali linalorudi kila vijana wetu wanapoomba kuingiza saksafoni au gitaa la solo kwenye kwaya: je, kipaji kilichokulia kwenye ukumbi wa dansi kinaweza kumtumikia Mungu? Wako kati yetu wanaojibu hapana, wala hawajibu kwa ubaya. Wameona mishahara ikiishia baa na watoto wakirudishwa shuleni kwa kukosa ada. Wako pia wanaosema muziki ni muziki tu, tusisumbuane. Majibu yote mawili ni mepesi kuliko swali lenyewe. Nasi wa Morogoro hatuwezi kulikwepa, kwa maana mji wetu huu, mji kasoro bahari, ulijulikana Afrika Mashariki nzima kwa dansi.

Tuwakumbuke wenyewe waliolipiga. Salum Abdallah alizaliwa hapa Morogoro mwaka 1928. Alizipenda santuri za muziki wa Kuba, na mwaka 1948 akaanzisha bendi iliyoitwa La Paloma, ambayo baadaye ilikuja kuwa Cuban Marimba. Aliiongoza mpaka ajali ya gari ilipomchukua mwaka 1965, na Juma Kilaza akaupokea uongozi. Upande wa pili wa ushindani ilikuwepo Morogoro Jazz. Humo aling'ara Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji, aliyekwenda na bendi hiyo hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1970. Mwaka 1973 akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na miaka 34.

Hawakuwa watu wa kwaya zetu. Lakini nani kati ya wazee wetu atakayesema hakufarijika hata siku moja kwa nyimbo zao? Faraja hiyo ilitoka kwa nani?

Maandiko yanatusaidia mahali ambapo pengine hatukutazamia. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, kinamtaja Yubali kuwa baba wa wapigao kinubi na filimbi. Yubali huyo ni wa uzao wa Kaini, aliyemuua ndugu yake. Kama ala ingekuwa najisi kwa sababu ya aliyeianzisha, basi Daudi asingeshika kinubi, wala Zaburi ya 150 isingeviita vinubi na filimbi kumsifu Bwana. Mungu hakuitupa filimbi kwa sababu ya ukoo wa Yubali. Na sisi tunaoamka alfajiri ya Pasaka kwa sauti ya matarumbeta tukumbuke kwamba katika Hesabu sura ya 10 tarumbeta zile zile zilipigwa kwa ajili ya vita na kwa ajili ya sikukuu.

Njia hiyo ina pande mbili. Benny Goodman, mpiga klarineti wa Marekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1909 katika familia maskini ya wahamiaji Wayahudi, alipata mafunzo yake ya kwanza ya muziki akiwa mtoto katika sinagogi. Klarineti ile ndiyo iliyokuja kuwachezesha maelfu ya vijana katika kumbi za dansi miaka ya 1930. Nyumba ya ibada ilipanda, ukumbi wa dansi ukavuna. Je, tuseme sinagogi lilipoteza mbegu yake?

Kabla ya kujibu, tutazame alichokifanya na kipaji hicho. Wakati ambapo wazungu na weusi wa Marekani hawakuonekana pamoja jukwaani, Goodman aliwachukua Teddy Wilson kwenye piano na Lionel Hampton kwenye vibrafoni, wote weusi, akapiga nao mbele ya watu. Januari 16, 1938, walisimama naye kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Hilo lilikuwa jambo la haki, nalo lilitendeka katika dansi siku ambazo makanisa mengi ya nchi ile yalikuwa bado yakiwatenga watu kwa rangi. Lakini Goodman huyo huyo alijulikana kwa ukali. Mpigaji akikosea, alimkazia macho mpaka mtu akatamani ardhi impasukie. Kipaji kikubwa hakikumfanya mtu mkamilifu, na jambo jema alilolitenda halikuwa bure kwa sababu ya ukali wake.

Hapa ndipo tunapoona kwamba kipaji na wema ni vitu viwili. Sisi tunaishi chini ya Uluguru, tunajua habari za maji. Mto Ruvu unazaliwa milimani kwetu, nao unawanywesha watu wa Dar es Salaam ambao wengi wao hawajawahi kuiona milima hii. Chemchemi hutoa maji safi. Tope huingia njiani, pale tunapolima mpaka ukingoni na kukata miti. Vivyo hivyo kipaji chatoka kwa Mungu, naye humpa amtakaye, wa kanisani na asiye wa kanisani. Tope ni letu.

Kwa hiyo swali la kumwuliza kijana mwenye saksafoni si alikuwa wapi Jumamosi usiku. Tumwulize: wenzako wa bendi ulivyowatendea, wangekusifu ukiwa haupo? Fedha iliyopatikana iligawanywa kwa haki? Mke na watoto nyumbani wanafurahi kwa kipaji chako, au wanalia kwa sababu yake? Akishindwa kujibu, tumsaidie atengeneze mambo yake, maana hilo ndilo kazi yetu.

Lakini maswali hayo tusiyaishie kwa kijana. Tukiyapeleka kwenye kwaya zetu, kuna mahali yatatuchoma. Tunagombana nani aongoze wimbo. Mapato ya kanda yanazua maneno. Mwimbaji mwenye sauti dhaifu anasukumwa nyuma mpaka anaacha kuja. Kuimbia ndani ya kanisa hakujamsafisha mtu yeyote kati yetu kwa sababu tu kuta ni za kanisa.

Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe walichukuliwa barabarani bila taarifa, wakiwa bado na nguvu za kupiga. Kipaji ni amana, na siku ya kuirudisha haitangazwi. Mwenye ala na aipige vizuri leo, na aketipo na wenzake awe mwenye haki kwao. Nasi tulio viti vya mbele tumpishe aingie.