Aliyengoja Miaka Sita

Katika darasa la kipaimara tulikuwa tumefika ombi la pili la Sala ya Bwana. Tulieleza kama Luther anavyoeleza katika Katekisimu Ndogo, kwamba ufalme wa Mungu huja wenyewe hata tusipoomba, ila tunaomba ili uje kwetu pia. Kijana mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Sasa Mchungaji, kama unakuja tu, tunaungojea nini?" Kabla hatujajibu, mwenzake akamwambia, "Kwani wewe Silksong uliingojea nini?" Darasa zima likacheka. Sisi hatukucheka, maana hatukujua Silksong ni kitu gani.

Ikabidi mwalimu afundishwe. Mwaka 2017 timu ndogo iitwayo Team Cherry, huko Adelaide, Australia, ilitoa gemu ya kompyuta, Hollow Knight, kuhusu shujaa mdogo asiyesema anayezunguka katika ufalme wa wadudu ulioanguka. Ilipendwa sana. Februari 2019 wakatangaza mwendelezo wake, Silksong, kisha siku zikawa miaka. Mwaka 2022 ilidokezwa kwamba ingetoka ndani ya miezi 12. Mwaka 2023 wakasema bado. Shabiki mmoja akawa anatoa video kila siku kutangaza kwamba hakuna habari. Hatimaye, Agosti 21, 2025, tarehe ikatajwa, na Septemba 4 gemu ikatoka. Wanunuzi walifurika hata baadhi ya maduka ya mtandaoni yakakwama.

Ingekuwa rahisi kusema vijana wanapoteza muda, na wazee wa usharika wangetuunga mkono. Lakini swali la yule kijana linatuhusu sisi sote. Mashabiki hawakuharakisha chochote. Ari Gibson na William Pellen, waanzilishi wa timu hiyo, walieleza kwamba hawakuwa wamekwama. Walikuwa wakiifurahia kazi yao na kuzidi kuiongeza. Tena, mnunuzi aliyeisikia gemu hiyo jana yake aliipata kwa bei ileile na mnunuzi aliyengoja miaka sita. Tunawakumbuka vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, ambao aliyeingia saa kumi na moja alilipwa sawa na aliyeanza asubuhi. Basi aliyengoja ana nini zaidi?

Tukiri kwanza kwamba kungoja si kwema kwenyewe. Wapo waliogeuza shauku yao kuwa matusi kwa watengenezaji, kana kwamba wanawadai. Na gemu ilipotoka, wapo walionung'unika siku zilezile kwamba ni ngumu mno. Tuliwakumbuka wana wa Israeli na mana yao. Mtu anaweza kuitamani zawadi huku akimchukia mtoaji, na hilo tumeliona kanisani mara nyingi kuliko kwenye gemu. Kuna pia kungoja kwa namna nyingine kabisa. Ndugu aliyeomba mtoto kwa miaka 15, tukimletea mfano wa mchezo wa vijana kama jibu la machozi yake, tutakuwa tumemtukana.

Tulimrudishia kijana swali lake. Miaka yote hiyo alifanya nini? Akasema alikuwa akiirudia gemu ya kwanza kwenye kompyuta ya kaka yake, kwa sababu hakuwa na nyingine. Alipita tena njia alizokwisha kuzipita, akaona mambo aliyoyaruka mwanzoni. Humo yumo Hornet, ambaye mchezaji hukutana naye kama mpinzani wa kupigana naye. Kwa kurudia na kurudia alianza kuelewa kwa nini anaizuia njia. Na katika Silksong, Hornet ndiye mhusika mkuu. "Mchungaji, alipotokea tu, mimi nilikuwa namjua. Kaka alicheza akafurahi, lakini yeye alimwona mdudu mwenye sindano."

Tulirudi nyumbani na neno hilo, tukafungua Luka 2. Siku Yesu alipopelekwa hekaluni, wazazi wake walikuwa na sadaka ya watu wa kipato cha chini, ndege wawili. Hekalu lilikuwa na watu wake na shughuli zake, na hatudhani wengi waligeuka kumtazama mtoto yule. Simeoni na Ana ndio waliosimama. Mtoto angekuja hata kama wao wasingemngoja, na kufunga kwa Ana hakukumleta siku moja mapema. Lakini alipopita mbele yao walimjua ni nani, kwa kuwa maisha yao yote walikuwa wakiyarudia yale waliyokwisha kupewa, Torati na manabii.

Sisi je? Majilio yetu tunayajua: kwaya inafanya mazoezi ya nyimbo za Krismasi, kamati inahesabu ahadi za washarika, na mchungaji, tuseme ukweli, anatafuta hubiri fupi kwa sababu matangazo ni marefu. Manabii tunawasoma kwa haraka ili tufike horini.

Mwaka huu tumeamua darasa la kipaimara lianze kusoma Isaya kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Yule kijana wa nyuma ameuliza kama ni lazima sura zote 66. Tumemwambia ndiyo, na baadaye tutarudia.