Tabibu Apandapo Daraja

Tabibu anapopandishwa cheo watu wake hufurahi, na ni haki yao kufurahi. Lakini katika tiba ya maradhi ya akili furaha hiyo huandamana na suala zito ambalo aghalabu haliulizwi siku ya kupeana mikono, nalo ni hili: huyu aliyekuwa akiketi na mgonjwa mmoja saa nzima, akimsikiliza mpaka maneno yaliyokwama kifuani yakatoka, sasa atakapokuwa na ofisi, muhuri na gari la serikali, ile saa atamwachia nani? Nimelitafakari suala hili kwa muda mrefu, na kila nilitafakaripo fikra zangu huelekea Afrika Magharibi, kwa Profesa Thomas Adeoye Lambo, ambaye maisha yake nayaona kuwa jawabu bora kuliko yote niliyopata kuyasoma.

Lambo alizaliwa mwaka 1923 mjini Abeokuta, katika nchi ya Wayoruba huko Nigeria, akasomea utabibu Birmingham, kisha akajifunza tiba ya maradhi ya akili London, zama ambazo Waafrika wenye elimu hiyo walikuwa wa kuhesabika. Aliporejea na kukabidhiwa hospitali mpya ya Aro, nje kidogo ya mji wake wa uzawa, alikuta majengo hayajakamilika. Angeweza kungoja mafundi wamalize, na hapana ambaye angemlaumu. Bali yeye, mwaka 1954, alikwenda kuzungumza na wazee wa vijiji vilivyoizunguka hospitali, akawaomba wawapangishe wagonjwa wake vyumba majumbani mwao. Aliweka sharti kwamba kila mgonjwa afuatane na jamaa yake angalau mmoja, awe mama, dada, kaka au shangazi, atakayempikia, atakayemfulia, atakayempeleka hospitali asubuhi na kumrejesha kijijini alasiri. Dawa na matibabu mengine ya kisasa yalitolewa hospitalini kama yalivyotolewa Ulaya. Lakini usingizi, chakula, mazungumzo ya jioni na kazi ya shamba vilikuwa vya kijiji.

Na wanakijiji nao hawakuombwa hisani tupu. Walilipwa kodi, wakakopeshwa fedha za kuongeza vyumba, wakapata maji ya bomba, vyoo, na kikosi cha kuangamiza mbu, hata kuwapo kwa wagonjwa kukawa neema kwa kila nyumba, pamoja na zile zisizokuwa na mgonjwa. Zaidi ya hayo, Lambo aliwaajiri waganga wa jadi wafanye kazi pamoja naye, si kwa kuwa alisadiki kila walilolisema, bali kwa kuwa wao walifahamu yale ambayo mgonjwa aliyaogopa na asiweze kumweleza mtu aliyesoma Uingereza: laana ya mzazi, mwiko uliovunjwa, hasadi ya jirani. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo ushujaa wake mkubwa. Daktari kijana aliyetoka ng'ambo na shahada zake, mwenye kila sababu ya kuilinda hadhi yake mbele ya wakubwa wa kikoloni, alikubali kwamba elimu yake haitoshi, akawaita wengine waketi karibu naye.

Ili tuupime ushujaa huo sawasawa, hatuna budi kuyakumbuka yaliyokuwa yakiandikwa juu yetu siku zile. Hospitali ya Mathari, Nairobi, iliongozwa kwa miaka mingi na daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika mwenye siha yake na Mzungu aliyepasuliwa kichwa, akatenganishwa na sehemu ya mbele ya ubongo wake. Maneno hayo yalitoka katika shirika lenye taadhima ya dunia nzima, yakasomwa na watawala walioamua nani afungwe na nani atibiwe. Lambo aliyapinga kwa kalamu. Lakini naamini kwamba hoja yake yenye nguvu zaidi ilikuwa vile vijiji vya Aro, ambako watu wasiojua kusoma waliweza kumlea mwenda wazimu kwa subira na utu ambao kuta za Mathari hazikuweza kumpa.

Mengine ya kupanda kwake nayapitia upesi. Mwaka 1961 aliwakusanya Abeokuta madaktari wa akili wa bara zima katika mkutano wao wa kwanza. Mwaka 1963 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Ibadan, na mwaka 1968 akawa Makamu Mkuu wa chuo hicho. Mwaka 1971 aliitwa Geneva, na mwaka 1973 akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, lile lile lililokuwa limekitoa kitabu cha Carothers miaka ishirini kabla. Alikaa katika daraja hiyo hadi 1988. Katika miaka hiyo, mwaka 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata yakakubaliana kwamba huduma ya afya ianzie pale watu wanapoishi na kufanya kazi, na iwashirikishe wenyewe. Na mtu ayajuaye ya Aro hawezi kuyasikia maazimio hayo asikumbuke wazee wa vijiji wakijadiliana na daktari juu ya kodi ya vyumba. Aidha, utafiti mkubwa wa shirika hilo uliofanywa katika nchi tisa, Nigeria ikiwamo, ulikuta kwamba wagonjwa wa skizofrenia wa Ibadan, wakifuatiliwa baada ya miaka kadhaa, walikuwa na hali njema kuliko wengi wa nchi tajiri. Wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu zake. Mimi nasadiki kwamba jamaa wa mgonjwa wana fungu lao katika sababu hizo.

Kwetu Tanzania pia fikra hii ya kumtibu mgonjwa kijijini si ngeni. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, iliyojengwa Dodoma mwaka 1927, ilipata baadaye kijiji chake huko Hombolo, ambako wagonjwa waliopata nafuu walilima na kufuga huku wakijizoesha tena maisha ya watu. Lakini katika sehemu nyingi jamaa angali anahesabiwa kuwa mgeni wa kungoja saa ya kutazama wagonjwa. Nilipata kumwona mama mmoja wa makamo ameketi juu ya kipande cha mkeka, nje ya uzio wa wodi, chupa ya chai kando yake na kanga ya pili amejitanda mabegani, kwa maana kanuni za mahali pale hazikumruhusu kuingia kabla ya alasiri. Mwanawe alikuwa dirishani. Muuguzi alinieleza kwamba kijana huyo hakuwa amesema neno tangu aletwe. Yule mama alimwita kwa jina la utotoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama amwitaye mtoto aje kula, na kijana akaitika, "Naam, mama." Hapakuwa na mtu aliyeandika jambo hilo katika faili.

Nimelazimika kuyasema haya sasa kwa sababu mpwa wangu, muuguzi wa afya ya akili katika wilaya moja ya pwani, ameteuliwa kuwa mratibu wa huduma hiyo kwa wilaya nzima, naye alikuja kwangu akiwa na huzuni kuliko furaha. "Mjomba," aliniambia, "nikikubali, wagonjwa wangu watasema nimewakimbia." Nikamjibu, "Mwanangu, kubali. Lakini usiende peke yako. Wachukue na wale wanaokaa nje ya uzio." Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza habari za Lambo, nami nikamsimulia kama nilivyosimulia hapa.

Amekwisha kuandika barua ya kuikubali kazi hiyo. Ndani yake ameomba mambo mawili: kwamba siku za kliniki jamaa waketi na muuguzi, wafundishwe kuzitambua dalili za maradhi kurudi na namna ya kumsimamia mgonjwa anywe dawa zake, na kwamba yeye mwenyewe aendelee kuwaona wagonjwa siku moja katika kila juma. Nawasihi wakubwa wake wamkubalie yote mawili, na hasa lile la kwanza, kwa sababu mgonjwa huonana na muuguzi mara moja kwa mwezi, na siku zote zilizobaki yumo mikononi mwa mama yake.